Kabla ya kudai fasili ya akili, tuulize itafanya kazi gani

Oktoba 2025 kampuni za OpenAI na Microsoft zilitangaza makubaliano mapya yenye kipengele kilichozua maneno mengi: siku OpenAI itakapotangaza kwamba imefikia akili mnemba ya jumla, yaani mashine yenye uwezo wa kiakili usiofungwa kwenye kazi moja au mbili, tangazo hilo litahakikiwa na jopo huru la wataalamu. Baadhi ya haki na malipo baina ya kampuni hizo yatategemea kauli ya jopo. Wachambuzi wengi waliuliza swali lilelile kwa maneno tofauti: jopo litaamuaje kuhusu kitu kisicho na fasili? Kwanza tukubaliane akili ni nini, wakasema, ndipo tubishane kama mashine inayo au haina. Dai hilo linasikika kama busara ya kawaida, na ndiyo maana hupita bila kuhojiwa. Mimi naona limekaa kichwa chini, miguu juu.

Fasili hufanya kazi mbili ambazo hazifanani. Kuna fasili inayoeleza: hii hufupisha yale ambayo watu wameshayaelewa kuhusu jambo fulani, kwa hiyo huja mwishoni mwa safari na hubadilika kila uelewa unapokua. Kuna pia fasili inayokata shauri: hii huwekwa ili sheria, mkataba, kipimo au takwimu iweze kufanya kazi leo, hata kama uelewa bado ni mchanga. Ya kwanza huwezi kuidai mapema, kwa sababu haipo bado. Ya pili unaweza kuiweka muda wowote, ila usitarajie ikufundishe chochote kuhusu jambo lenyewe. Vurugu iliyopo kwenye mjadala wa akili mnemba inatokana na watu kusoma fasili ya aina ya pili wakidhani ni ya kwanza, kisha kukasirika kwamba haielezi.

Mazoea ya kudai fasili kwanza yana umri mkubwa. Katika majadiliano aliyoyaandika Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mwalimu wake Socrates humkuta mtu anayejiamini na kumwomba aseme jambo analolitaja ni nini hasa. Euthyphro, kwa mfano, yuko njiani kumshtaki baba yake mwenyewe kwa mauaji, na ana hakika kwamba kufanya hivyo ni uchaji. Socrates anamuuliza uchaji ni nini. Euthyphro anatoa mfano. Socrates anasema hataki mifano, anataka kile kinachofanya matendo yote ya uchaji yawe ya uchaji. Fasili moja baada ya nyingine inaanguka, na mazungumzo yanakwisha bila jibu. Wasomaji wengi hutoka hapo wakiamini kwamba Euthyphro ameumbuliwa: hajui uchaji ni nini, basi hana haki ya kuuzungumzia. Mwaka 1966 mwanafalsafa Mwingereza Peter Geach alipinga usomaji huo kwa ukali. Kudhani kwamba huwezi kulitumia neno kwa usahihi mpaka uweze kulifasili, na kwamba mifano haisaidii kufika kwenye maana yake, alisema, ni kosa, na akalibatiza kosa hilo jina la Socrates mwenyewe.

Hoja ya Geach inastahili kusukumwa mbele kidogo, kwa sababu ndani yake ndimo dai la “fasili kwanza” linapoonyesha udhaifu wake mkubwa. Chukua fasili yoyote iliyopendekezwa. Utajuaje kama ni sahihi? Utaijaribu kwa mifano: je, imekusanya vyote vinavyostahili kuwamo, na imeviacha nje visivyostahili? Socrates mwenyewe ndivyo alivyoziangusha fasili za Euthyphro. Lakini ili jaribio hilo lifanyike, lazima uwe tayari unaweza kutambua mifano mingi ya jambo hilo kabla ya kuwa na fasili. Anayesema hatuwezi kujua lolote bila fasili ameziba mlango ambao fasili yenyewe ingepitia. Na hata ukiruhusiwa kuanza, kila fasili imejengwa kwa maneno mengine yanayohitaji fasili zao. Wanahesabu walilikubali hili bila uchungu. Yuklidi, baba wa jiometri ya Wagiriki wa kale, alianza kwa kusema nukta ni kile kisicho na sehemu, sentensi ambayo haitumiki katika uthibitisho wake hata mmoja. Mwaka 1899 David Hilbert alipoijenga upya jiometri, aliacha nukta, mstari na bapa bila fasili kabisa, akaeleza tu uhusiano baina yao. Jiometri haikuporomoka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni asidi, kwa kuwa historia yake iko wazi na hakuna chama cha siasa kilichoigombania. Kwa karne nyingi asidi ilikuwa kitu kichachu kama siki. Mwaka 1664 mwanakemia Robert Boyle alieleza jinsi sharubati ya maua ya urujuani inavyogeuka nyekundu ikitiwa kitu cha namna hiyo, na watafiti wakapata njia ya kutambua asidi bila kuionja. Hakuna aliyejua asidi ni nini. Walijua tu namna ya kuikamata. Miaka 100 na ushei baadaye, Antoine Lavoisier alidhani amepata jibu: kila asidi ina oksijeni, na oksijeni ndiyo huipa uasidi wake. Hiyo ilikuwa fasili safi, fupi, yenye mamlaka ya mwanakemia mkubwa kuliko wote wa zama zake. Ilikuwa na makosa. Mwaka 1810 Humphry Davy alionyesha kwamba asidi ambayo leo tunaiita haidrokloriki ina haidrojeni na klorini tu, bila chembe ya oksijeni. Sasa tazama kilichotokea na kisichotokea. Kama fasili ndiyo inayotangulia, wanakemia wangesema: haina oksijeni, basi si asidi, kesi imekwisha. Hawakusema hivyo. Walishikilia mfano wakaitupa fasili, kwa sababu uchachu wake, rangi yake kwenye majaribio na tabia yake mbele ya metali vilikuwa na uzito kuliko sentensi ya Lavoisier.

Safari haikuishia hapo. Justus von Liebig, mwaka 1838, aliielekeza fasili kwenye haidrojeni inayoweza kuchukuliwa nafasi na metali. Svante Arrhenius, katika miaka ya 1880, akaieleza kwa ioni za haidrojeni, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, zinazojitenga ndani ya maji. Mwaka 1923 Johannes Brønsted na Thomas Lowry, kila mmoja kivyake, walisema asidi ni kitoa protoni, yaani kiini cha haidrojeni, na maji yakaacha kuwa sharti. Mwaka huohuo Gilbert Lewis akaipanua zaidi: asidi ni kipokea jozi ya elektroni, hata kama haina haidrojeni yoyote. Mwanafunzi wa kemia leo hujifunza tatu kati ya hizo, na mwalimu mzuri humwambia ipi inafaa wapi. Fasili iliyokuja mwisho haikuwa bora kwa sababu mtu fulani alikaa akatafakari maneno kwa makini kuliko wenzake. Ilikuwa bora kwa sababu sasa watu walijua kuhusu elektroni, kitu ambacho Lavoisier hangeweza kukiwaza hata angedaiwa fasili usiku na mchana. Kilichowaunganisha watu hawa kwa zaidi ya miaka 250 ni kapu la mifano waliyokubaliana na majaribio waliyoweza kuyarudia. Charles Darwin naye, katika kitabu chake cha 1859 kuhusu chimbuko la spishi, yaani aina za viumbe, alikiri waziwazi kwamba hakuna fasili moja ya spishi iliyowaridhisha wataalamu wote, ingawa kila mmoja wao anajua kwa namna ya juujuu anamaanisha nini. Akaendelea na kazi. Angengoja fasili, tungekuwa tunamngoja mpaka sasa, maana hata ile mashuhuri aliyoitoa Ernst Mayr mwaka 1942, ya viumbe wanaozaliana wao kwa wao, inakwama kwa bakteria, ambao hawazaliani kwa namna hiyo.

Upande wa pili una hoja nzito, na sitaki kuipitia juujuu. Si kila wakati tuna miaka 250. Hakimu ana kesi mezani, mfanyabiashara ana mzigo kwenye mizani, na hawawezi kusema “tusubiri uelewa ukomae.” Hapa fasili hutangulia na lazima itangulie. Kuna tarehe moja inayolionyesha jambo hili kwa namna ya kushangaza. Tarehe 16 Novemba 2018, huko Versailles, nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa vipimo zilipiga kura kubadili fasili ya kilogramu. Tangu 1889 kilogramu ilikuwa silinda moja ya platini na iridi iliyohifadhiwa karibu na Paris. Silinda hiyo na nakala zake rasmi ziliachana kwa takriban maikrogramu 50 katika muda wa karne moja, lakini kwa mujibu wa fasili silinda yenyewe haikuweza kukosea: ilipopungua, basi ni ulimwengu wote uliobaki ndio ulioongezeka uzito. Fasili mpya, iliyoanza kutumika tarehe 20 Mei 2019, imefungwa kwenye namba thabiti ya Planck, namba ya msingi ya fizikia isiyobadilika. Siku hiyohiyo ya Novemba, huko Kambodia, mahakama maalumu iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa iliwatia hatiani Nuon Chea na Khieu Samphan, viongozi wa Khmer Rouge, kundi la kikomunisti lililoitawala nchi hiyo, kwa mauaji ya kimbari. Chini ya utawala wao, kati ya 1975 na 1979, walikufa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 1.5 na 2, wengi wao wakiwa Wakhmer, kabila kubwa la nchi hiyo. Lakini hatia ya kimbari haikuhusu Wakhmer. Ilihusu Wavietnamu na, kwa Nuon Chea, Wacham pia, jamii ndogo ya Waislamu. Vifo vya wengine viliangukia chini ya uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Kwa nini? Kwa sababu mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kimbari, wa tarehe 9 Desemba 1948, unataja makundi manne tu: ya kitaifa, ya kikabila, ya kirangi na ya kidini. Makundi ya kisiasa yaliondolewa wakati wa majadiliano, na Umoja wa Kisovieti ulikuwa miongoni mwa walioyapinga. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mahakama ilifuata fasili kama ilivyotakiwa, na bila fasili ile pengine kusingekuwa na kesi yoyote ya kimbari. Ila mtu anayetaka kuelewa yaliyotokea Kambodia hawezi kuanza na orodha ya makundi manne na kufikiri kwamba amefika. Orodha ile inamweleza zaidi kuhusu meza ya majadiliano ya 1948 kuliko kuhusu mashamba ya Kambodia. Hivi ndivyo ninavyomaanisha kusema fasili inayokata shauri haifundishi: inaweza kuwa halali, ya lazima, hata ya haki, na bado ikawa bubu mbele ya swali la “jambo hili ni nini?”

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema basi fasili zote ni maneno matupu. Mfano wao ni Pluto: Agosti 2006 wanaastronomia waliokutana Prague waliiondoa kwenye orodha ya sayari, na Pluto yenyewe ikaendelea kuzunguka jua bila habari. Ni hoja dhaifu inayojivika nguo za ujanja. Kwanza, hata kwa Pluto fasili ilibeba maarifa mapya: Eris, yenye ukubwa unaokaribiana na wa Pluto, ilikuwa imetangazwa mwaka 2005, vitu vya barafu vya eneo lile vilikuwa vimegunduliwa kwa mamia, na kuiacha Pluto peke yake kwenye orodha kungekuwa upendeleo tu. Pili, mambo mengine si kama Pluto, yana masikio. Juni 2025 Benki ya Dunia ilipandisha mstari wa umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 hadi dola 3.00 kwa mtu kwa siku, ikitumia takwimu mpya za bei na za kaya, na makadirio ya maskini wa mwaka 2022 yakasahihishwa kutoka watu milioni 713 hadi milioni 838. Hakuna aliyelala na njaa zaidi usiku ule kwa sababu ya marekebisho hayo. Lakini serikali, wafadhili na wapangaji hutumia mstari huo kujua nani ahesabiwe, na anayehesabiwa ndiye anayepangiwa. Kusema “ni maneno tu” ni anasa ya mtu ambaye fasili haijawahi kumweka upande wa nje.

Sasa turudi kwenye mashine. Mwaka 2018 OpenAI iliandika kwamba akili mnemba ya jumla ni mifumo inayojiendesha kwa kiwango kikubwa na inayowashinda binadamu katika sehemu kubwa ya kazi zenye thamani ya kiuchumi. Desemba 2024 vyombo vya habari viliripoti kwamba makubaliano yake ya awali na Microsoft yalitumia kigezo kingine: mifumo yenye uwezo wa kuzalisha faida ya dola bilioni 100. Watu walicheka, na nakubali kuna cha kuchekesha. Lakini kama kifungu cha mkataba kigezo hicho si cha kipumbavu. Kinahesabika, kinakaguliwa, na kinakata mzizi wa fitina baina ya pande mbili zenye mawakili. Kosa ni kukichukua kigezo hicho na kukisoma kama kauli juu ya akili. Hata ile ya 2018 imekatwa kwa mkasi wa soko: kumlea mtoto au kumfariji mgonjwa nyumbani ni kazi isiyolipwa, kwa hiyo haimo kwenye hesabu, ingawa huenda ndimo akili ya binadamu inapojaribiwa kuliko popote. Mwanahisabati Alan Turing, mwaka 1950, aliliona shimo hili mapema. Alisema kutafuta maana ya “mashine” na “kufikiri” kwa kuangalia matumizi ya kawaida ya maneno kungegeuza swali liwe kura ya maoni, akaweka badala yake mchezo wa mahojiano, ambamo mtu huhoji mashine na binadamu bila kuwaona na kujaribu kuwatofautisha. Mchezo wake umekosolewa sana, tena kwa haki, lakini hatua yenyewe ilikuwa ya mwanakemia wa mwaka 1664: nipe jaribio la kurudia, fasili tutaiona mbele.

Ina maana gani kwa jopo, kwa wabunge na kwa sisi wasomaji? Ina maana kwamba swali lenye faida si “mmeifasili vipi akili?” Maswali yenye faida ni machachari zaidi: fasili hii imewekwa kwa kazi gani, nani alikuwepo ilipoandikwa, ni kitu gani kinachofanana sana na akili ambacho imekiacha nje, na ni matokeo gani ya jaribio yangewafanya mseme hapana. Wataalamu wa vipimo wanatuonyesha jambo hili linavyowezekana. Tangu 1967 sekunde imefasiliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya siziamu. Leo kuna saa za mwanga, za strontiamu na iterbiamu kwa mfano, ambazo ni sahihi kuliko saa za siziamu. Yaani maarifa yameshaipita fasili. Hawakukimbilia kuibadili. Wameandika masharti ya kutimizwa kwanza, likiwemo la saa za taasisi tofauti kukubaliana zikilinganishwa, na mkutano mkuu wao wa 2022 ukaweka matumaini kwenye mwaka 2030. Wakati huo wote saa mpya zimeendelea kujengwa, kulinganishwa na kukosolewa, bila mtu kulalamika kwamba hatujui sekunde ni nini.

Jambo hili linagusa darasa pia, na hapa sina subira. Vitabu vingi vya kiada hufungua kila sura kwa fasili yenye rangi ndani ya kisanduku, kana kwamba mwanafunzi akiimeza hiyo, mengine yatajipanga. Fasili iliyokuwa tunda la karne za ugomvi hukabidhiwa mtu ambaye hajaona ugomvi wowote, naye hufanya kitu pekee kinachowezekana: huikariri. Mpangilio mwingine unawezekana. Mpe asidi tatu na kitu kimoja kinachofanana nazo ambacho si asidi, mwache apendekeze fasili, umletee mfano unaoivunja, halafu umwonyeshe ya Arrhenius na umuulize nayo itavunjwa na nini. Kwenye mtihani usimwombe aiandike upya. Mpe kitu kilichokaa mpakani na umtake ajieleze. Walimu wataniambia kwamba majibu ya namna hiyo ni magumu kusahihisha, na wana haki: mwanafunzi mmoja anaweza kufikia hitimisho baya kwa hoja nzuri, mwingine hitimisho zuri kwa kubahatisha, na msahihishaji analazimika kusoma kila mstari. Fasili iliyokaririwa inasahihishwa kwa kutupia jicho. Nashuku hiyo ndiyo sababu kubwa ya kisanduku kile kung’ang’ania ukurasa wa kwanza.